Kilomita Ishirini na Nne za André

Ujumbe wa Falonne uliingia Alhamisi mchana, mimi nina pini nne mdomoni na mteja amesimama mbele yangu ndani ya nusu gauni. Falonne ni binti yetu wa pekee. Yuko Italia, mji wa Siena, anamaliza shahada yake mwezi wa sita, na mimi na baba yake tulikuwa tumeshapata viza na tiketi za kwenda kumpigia makofi. Sasa alikuwa ameongeza jambo. Siku ya pili baada ya mahafali, aliandika, kuna gari dogo ametutafutia, zawadi yake kwetu, tulichukue asubuhi tulirudishe jioni. Tupite vilimani, sisi wawili tu, kutoka Montepulciano hadi Pienza, halafu San Quirico. Kilomita ishirini na nne. Mwenye gari anataka jibu kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni, maana kuna watu wengine wanalisubiri.

Nilitema pini kiganjani, nikamwambia mteja aniwie radhi kidogo, nikaenda nyuma ya pazia nikacheka peke yangu.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana mimi kuficha sijui. Nina miaka ishirini na tatu ya ndoa na André, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kusafiri bila sababu. Tumesafiri kuzika. Tumesafiri kufuata karatasi Pretoria. Tumetoka kwetu Sumbawanga mpaka Johannesburg kwa mabasi manne na mtoto mgongoni, na ile siiti safari, naiita adhabu. Kukaa tu garini na mume wangu, dirisha wazi, tunakwenda mahali ambako hakuna anayetungoja, hilo halijanipata. Nina miaka hamsini na moja. Nililitaka lile gari kama mtoto anavyotaka soda.

André aliporudi jioni nilikuwa nimeshapika mapema, na nyama nimeiongeza. Yeye ni fundi wa makochi. Ana karakana Jeppestown, na bakki yake, pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa bluu, kila siku inatoka kwetu Rosettenville inakwenda Jeppestown na kurudi. Mjini anaendesha kwa adabu, robot, yaani taa za barabarani, ikiwa ya njano yeye ameshasimama. Nje ya mji hakanyagi. Watu wa kanisani wakienda Durban au Rustenburg sisi tunawapungia mkono. Miaka yote nilidhani ni ubahili wa petroli, na nimemsema sana kwa hilo.

Nilimsomea ujumbe. Akatafuna, akameza, akaniangalia.

"Kule tunaenda kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Vilima, Baba Falonne. Mashamba ya zabibu. Nyumba za mawe."

"Vilima biko mingi ku Moba," akasema. Moba ndiko kwao, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Lakini hakukataa. Aliniomba simu, akaisoma tena mwenyewe, midomo inatembea. "Bon. Kama ni kwenda, tutaenda na programme."

Ningejua hilo neno limebeba nini ningeificha habari ya gari tangu siku ile.

Ijumaa jioni nilitandika karatasi ya kaki juu ya meza yangu ya kukatia, ile ninayochorea mitindo, nikachora njia yetu kwa chaki, nikiitazama kwenye simu. Nilichora kona zote. Nikaweka alama ya mti mahali ambapo watu husimama kupiga picha, na duara kwenye mji wa Pienza, ambako Falonne alisema tule jibini. André alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu.

"Kule banaendesha upande wa kuume," akaanza, na nilimwona amejivuna kidogo. "Sawa na kwetu. Minajua. Nilijifunzia kuume."

"Ndiyo maana wewe ndiye dereva," nikamwambia, nikamfinya shavu.

"Mito iko ngapi?"

"Mito ipi?"

"Ya kuvuka. Daraja ni ya chuma ao ya miti?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, aliandika alama ya kuuliza. Akaandika kwamba tutaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nikamwambia ni mwendo wa nusu saa. Akasema nusu saa ni ya mtu ambaye hakukwama. Akaandika kamba. Akaandika beleshi, lita ishirini za maji, chakula cha siku mbili, blanketi. Halafu akaweka ncha ya kalamu kwenye Montepulciano.

"Hapa tunajua nani?"

"Hatujui mtu."

"Pienza?"

"Hatujui mtu."

"San Quirico?"

"Huyo ni mtakatifu, basi tunamjua huyo," nikasema.

"Usicheze, Mama Falonne. Usiku ikitukuta katikati, tutabisha hodi kwa nani?"

Karatasi yangu ilijaa wino mwekundu hadi mti wangu wa kupigia picha ukapotea. Nilinyamaza. Wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza ni vibaya kuliko nikipiga kelele, na André ananijua, lakini jioni ile alikuwa anahesabu madaraja na hakunisikia nilivyonyamaza.

Jumamosi baada ya kufunga kazi nilivuta sanduku kubwa kutoka uvunguni ili nipange vitenge vya Falonne. Halikuvutika. Nilidhani limenasa kwenye mguu wa kitanda, nikavuta kwa mikono miwili, nikalifungua. Ndani mlikuwa na pakiti kumi na mbili za chumvi. Chini ya chumvi, miche ya sabuni ya kufulia, ile mirefu ya kijani. Pembeni, katoni ya sigara, na katika nyumba yetu hakuna anayevuta hata moshi wa jirani.

"Baba Falonne!"

Alikuja amebeba kikombe cha chai. Aliona sanduku, akakiweka kikombe chini.

"Hii ni nini?"

"Ya njia," akasema. "Ya kuachia batu."

"Watu gani?"

"Ba kijiji. Kila kijiji tunasimama, tunasalimia, tunaacha kitu."

"Unawapelekea Wataliano chumvi?"

"Na sabuni."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia kwamba ameniharibia. Nilimwambia mtoto amejinyima ili mama yake apumzike siku moja, siku moja tu tangu Mungu aniumbe, na yeye ameifanya iwe msafara wa biashara. Nilimwambia niko tayari kupanda basi la watalii niketi karibu na mgeni yeyote atakayepatikana, kuliko kulala juu ya blanketi kando ya barabara ya lami nimeshika beleshi. Nikachukua simu, nikaanza kumwandikia Falonne mbele yake, kwa sauti, neno kwa neno, ili lisimpite hata moja. "Usilipe gari. Baba yako..."

"Joël alikuwa na homa," akasema André.

Nikasimamisha kidole.

Joël alikuwa kaka yake. Nilijua alikufia njiani mwaka wa kwanza wa vita, kabla mimi na André hatujaonana. Zaidi ya hapo sikujua. Maneno "njiani" na "vita" yalinitosha, nikajitungia mwenyewe kichwani kwamba alipigwa risasi, na katika miaka ishirini na tatu sikuuliza na hakusema.

Alikaa kitandani, magoti yamegusana. Alisimulia akiangalia chumvi.

Yeye na Joël walikuwa wanachukua samaki wakavu vijijini na kupeleka Kalemie kwa pikapu ndogo. Siku ile kaka aliamka na homa, na ilibaki kilomita sitini kufika mjini kwa daktari. Kwenye njia ile, akaniambia, dereva hapiti kijiji bila kusimama. Anasalimia, anauliza habari za mvua na barabara ya mbele, anaacha pakiti ya chumvi au kipande cha sabuni, sigara mbili kwa wazee. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila gari likizama kwenye matope ni wale wale watakaokuja na miti na mikono.

"Ile siku nilisema, kilomita sitini ni kidogo, tutafika mbele ya saa sita. Kijiji kimoja batu balinyosha mikono tusimame. Sikusimama. Nilipiga honi, nikabafunika na vumbi. Mvua ikanyesha. Tukazama mbele kidogo, kilomita ine tu. Nikarudi na miguu kuomba batu ya kusukuma." Aliparuza godoro kwa kidole. "Balikuwa bamekaa barazani. Mama moja akaniuliza, si wewe ule wa honi?"

"Hawakuja?"

"Balikuja. Kesho yake asubuhi. Benye roho nzuri, balikuja na miti, balisukuma mpaka gari ikatoka. Joël alikuwa amekwisha."

Chai yake ilikuwa sakafuni inapoa. Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani kwetu, jambo ambalo kwa kawaida ningetoka nikalikemea.

"Ningesimama dakika tano," akasema. "Pakiti moja ya chumvi, Hedwiga."

Huwa haniiti Hedwiga. Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, na niseme ukweli wangu, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka yote nimemcheka kwa petroli, nimemwita bahili mbele ya watu, kumbe mwenzangu alikuwa anaiogopa barabara na anaificha hofu yake ndani ya mzaha wangu. Nilimpenda wakati ule hadi kifua kikauma. Pia nilikuwa bado nina hasira, na hilo nalo ni kweli, kwa sababu angeniambia. Yote mawili yalikaa humo humo.

Niliufuta ule ujumbe. Sikumwambia kwamba Italia kuna lami, kuna simu, kuna magari ya kuvuta. Anajua. Mtu anayeshona makochi ya matajiri wa Sandton hajui lami? Nilimwambia hivi:

"Kesho baada ya misa twende mahali tusikojua mtu. Wewe uendeshe. Tusichukue chumvi wala sabuni. Kama moyo wako utakataa, turudi, nitamwambia Falonne tutapanda basi na watalii, na sitanuna."

"Utanuna."

"Nitanuna kidogo."

Akatabasamu, ingawa macho yalikuwa mekundu. Akachukua simu yangu, akatafuta. Kutoka nyumbani kwetu hadi Walkerville, kusini mwa mji, ilikuwa karibu sawa na zile kilomita zetu ishirini na nne. Akasema tutageuzia pale. Sikumbishia.

Jumapili ilikuwa baridi na jua kali, kama ilivyo kwetu huku mwezi wa tano. Padri alihubiri kwa kirefu, na mimi, Mungu anisamehe, sikusikia neno. Tulipotoka André alizunguka bakki mara mbili akipiga teke magurudumu. Alifungua droo ya mbele, akaiangalia ilivyo tupu, akaifunga. Halafu akanifungulia mlango, ule wa bluu, akasubiri nikusanye gauni langu, akaufunga taratibu.

Nyumba zilianza kupungua. Tulipopita robot ya mwisho aliitazama kwenye kioo mpaka ikapotea. Mbele yetu nyasi zilikuwa za njano pande zote mbili, sehemu nyingine nyeusi zilipochomwa, na vilima vidogo vimelala kwa mbali. Niliteremsha dirisha. Baridi iliniingia shingoni na sikulipandisha. Mikono ya André ilikuwa imeng'ang'ania usukani, na jasho lilikuwa linamtoka mbele ya sikio katika baridi ile.

Kila mtu tuliyempita, André alimwinulia mkono. Mama aliyepanga machenza mezani, mkono. Vijana waliouza mbolea kwa magunia, mkono. Askofu akipita Rosettenville hasalimii hivyo. Karibu wote waliinua mikono yao pia, na kila mmoja alipoinua nilimsikia André akishusha pumzi. Sikumtania. Nikaanza kuinua wangu upande wa kwangu.

Ndipo mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya bluu, aliyesimama kando ya barabara na mfuko wa unga, alipodhani tunamwita tumpe lifti. Alianza kukimbia nyuma yetu. André alimwona kwenye kioo. Nilidhani ataongeza mwendo. Alisimamisha gari pembeni, akawasha taa za kuashiria, akamngoja. Mtu yule alifika anahema, akatuuliza kwa Kizulu tunakwenda wapi.

André alijifuta jasho kwa kiganja. Aliniangalia. Nilitazama mbele makusudi, maana swali lilikuwa lake.

"Hatuendi popote," akamjibu, kwa Kizulu chake cha karakana. "Ninamtembeza mke wangu."

Mtu akainama, akachungulia ndani, akaniona na gauni langu la kanisani. Akacheka hadi pengo likaonekana.

"Eish, baba. Sharp," akasema, yaani safi sana. Tukampandisha nyuma, tukamshusha kilomita tatu mbele, kwenye njia ya vumbi ya kwao. André hakumwachia mtu yule kitu, wala hakuachiwa, ila walipungiana mikono mara mbili. Baada ya hapo André alilegeza usukani. Mkono mmoja aliuweka juu ya goti langu, na aliusahau hapo.

Tukafika Walkerville. Nililiona duka alilochagua kwenye simu, lenye uwanja mpana wa kugeuzia.

"Baba Falonne, ni hapa."

Tukalipita.

"Umelipita."

"Nimeliona."

Barabara iligawanyika, kibao kikaonyesha Heidelberg kushoto, na yeye akakata kushoto, kwenye njia nyembamba ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Na sasa nitasema jambo ambalo halinipi sifa. Niliogopa. Mimi mwenye mdomo wote ule! Nilimuuliza kama petroli inatosha. Nilimuuliza kama gurudumu la akiba lina upepo, kama njia hii inatokea mahali, kama ana hakika si shamba la mtu, kama simu yake ina chaji maana yangu ilikuwa na robo. Nilimwambia, turudi, siku imetosha, tumeshaona. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango.

"Mama Falonne," akasema, "angalia."

Njia ilikuwa imepanda kilimani, na upande wangu bonde lote lilikuwa wazi, mto mwembamba chini, ng'ombe wa kahawia, bati la nyumba moja linang'aa. Hakukuwa na la kufanya pale. André alipunguza mwendo ili nione, na yeye akaona, shingo ameinyoosha kupita mbele yangu, akisahau kabisa kwamba kuna barabara, mpaka ikabidi nimwambie aangalie mbele.

Simu ililia. Ilikuwa saa nane unusu.

"Mama, mwenye gari amenipigia," Falonne akasema. "Papa amekubali ao hakukubali? Msinifichie. Kama hataki nitamwambia tu abaki nalo, haina shida."

Niliweka simu kwenye spika, nikamgeukia mume wangu. Hakuondoa macho kwenye njia.

"Mwambie alipie siku mbili," akasema. "Pesa ya siku ya pili nitamrudishia mimi."

"Siku mbili za nini?" Falonne akapiga kelele kule Siena. "Si ni kilomita ishirini na nne?"

"Kwenda," baba yake akajibu. "Kisha tutaona njia inaendelea wapi."

 Halafu Falonne akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama huyo anayeongea ni baba yake kweli. Nikamwambia ndiye, nikakata haraka, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka mtoto asikie.